Eksosomu: ni jaa la seli au ni posta yake?

MwalimuWaMkoani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha Bayolojia kidato cha tano na cha sita katika skuli moja ya kusini Pemba, na swali ninalolileta limetoka kwa mwanafunzi. Wiki iliyopita tulikuwa katika mada ya utando wa seli, nikafika pale panapoelezwa namna seli inavyoingiza na kutoa vitu kwa njia ya vifuko. Binti mmoja wa safu ya nyuma akauliza habari za eksosomu. Nikamjibu kama nilivyosomeshwa chuoni, kwamba ni vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitumia kutolea vitu isivyovihitaji tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu zote kwamba amesoma kuwa eksosomu huzipa habari seli za kinga hadi zikaamka kupigana, na pahala pengine amesoma kuwa saratani huzitumia eksosomu hizo hizo kuzilaza seli za kinga zisiuguse uvimbe. "Sasa mwalimu, hilo ni jaa au ni posta? Na kama ni posta, mbona barua zake zinapingana?"

Niliomba muda, kwani sikutaka kubahatisha mbele ya darasa zima. Nimesoma siku tatu na nimezidi kuchanganyikiwa, kwa sababu kila makala ninayoifungua inaanzia katikati ya mambo. Naomba anayejua anieleze namna kifuko hicho kinavyotengenezwa, maana nahisi ufumbuzi umo humo, kisha anieleze vipi kitu kimoja kinafanya kazi mbili zinazokinzana. Tafadhali iwe kwa Kiswahili cha kueleweka, kwani nitakwenda kuyasema darasani yale yale nitakayoyasoma hapa.

Bi Maabara

Waalaykum salaam, Maalim. Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Unguja na somo hili nililishughulikia masomoni kwa muda, hivyo uniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Kwanza usijilaumu, kwani ulichosomeshwa ndicho walichokiona wagunduzi wenyewe. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na Rose Johnstone huko Montreal, Kanada, na jingine likiwa na Philip Stahl huko St. Louis, Marekani, yalikuwa yakichunguza chembe nyekundu changa za damu, la kwanza kwa kondoo na la pili kwa panya. Chembe changa ina vipokezi vingi juu ya utando wake vya kunasia transferini, protini inayobeba madini ya chuma, kwa sababu bado inatengeneza himoglobini na bila chuma himoglobini haipatikani. Ikishapevuka haina haja navyo tena. Ilitarajiwa kwamba vipokezi hivyo vingesagwa humo humo ndani, katika laisosomu, ambako seli huteketezea taka zake. Badala yake vilionekana vikitoka nje vikiwa vizima, vimefungwa katika vifuko vidogo, na mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakaviita eksosomu. Kwa hiyo jibu lako la darasani lilikuwa sahihi kwa chembe nyekundu changa. Kosa ni kulifanya kuwa jibu la seli zote.

Sasa utengenezaji, na hapa nitakuomba uvue soksi moja. Paka chaki upande wake wa nje. Upande huo wenye chaki ndio uso wa seli unaotazama nje, na ndipo vilipokaa vipokezi. Bonyeza kwa kidole kutoka nje kwenda ndani mpaka kipatikane kifuko, kisha kibane shingoni. Hivyo ndivyo seli inavyomeza kipande cha utando wake na kupata endosomu. Angalia chaki iko wapi: imekuwa upande wa ndani wa kifuko. Hatua ya pili ndiyo inayowapoteza wengi. Ukuta wa endosomu nao hubonyea kuelekea ndani ya endosomu, na kutoa vifuko vidogo zaidi ambavyo hubaki vikielea humo, mpaka endosomu ikawa kama komamanga lililojaa mbegu. Ukiibonyeza soksi yako mara hiyo ya pili utaona chaki imerudi tena kuwa upande wa nje, sasa ikiwa juu ya kile kifuko kidogo.

Komamanga hilo lina njia mbili. Linaweza kupelekwa kwenye laisosomu likasagwa na mbegu zake zote, na hilo ndilo jaa. Au linaweza kusogea mpaka kwenye utando mkuu wa seli, likaungana nao, na kuzimwaga mbegu nje zikiwa nzima. Mbegu zilizomwagwa ndizo eksosomu, na kila moja ina kipenyo cha nanomita 30 hadi 150, kiasi kwamba eksosomu za nanomita 100 zingehitajika zaidi ya sabini kupangwa mstari mmoja ndipo zivuke upana wa chembe moja nyekundu ya damu.

Kwa kubonyea huko mara mbili mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kilichokuwa kinatazama nje ya seli kinatazama nje ya eksosomu pia, kwa hiyo seli nyingine inaweza kukishika na kukisoma kama vile inaishika seli mama yenyewe. Na kilichomo ndani ya eksosomu ni tone la utomvu wa ndani wa seli, pamoja na protini na vipande vya RNA, yaani nakala za maandishi ya jeni, vilivyomo. Mwaka 2007 Hadi Valadi, Jan Lötvall na wenzao wa Gothenburg, Sweden, walionesha kwamba RNA hizo, zikiwemo zile fupi ziitwazo mikroRNA, husafiri ndani ya eksosomu, na kwamba RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini ikifika katika seli nyingine inaweza kusomwa huko. Hapo ndipo watu wengi walipoacha kusema jaa.

Niongeze jambo moja kwa kuwa wanafunzi hulipenda. Kazi ya kuubonyeza ukuta wa endosomu na kuvikata vifuko shingoni hufanywa, aghalabu, na jamii ya protini iitwayo ESCRT. Virusi vya UKIMWI havina kisu chao wenyewe cha kujikatia vinapotoka katika seli, kwa hiyo huazima kisu hicho hicho.

Sehemu ya pili ya swali lako nitaijibu nikitoka kazini.

MwalimuWaMkoani

Bi Maabara, ahsante sana. Nimevua soksi kweli, na mke wangu ameniuliza kama ni mzima. Chaki imetokea pale pale ulipoeleza, na baada ya miaka kumi na moja ya kuichora endosomu ubaoni nakiri kwamba sikuwahi kujiuliza upande gani unatazama wapi.

Bi Maabara

Mpe salamu zangu. Sasa tuingie katika kinga.

Unajua, Maalim, kwamba seli T, mojawapo ya seli za kinga zinazopambana na adui, haiwezi kumwona adui mzima mzima. Lazima ioneshwe kipande cha protini ya adui huyo, yaani antijeni, kikiwa kimeshikwa juu ya molekuli za MHC, kama samaki anavyowekwa juu ya meza mnadani ili mnunuzi amtazame. Kazi hiyo ya kuonesha hufanywa zaidi na seli nyingine za kinga, yaani seli dendritiki, makrofaji na seli B. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake, wakifanya kazi Uholanzi, walionesha kwamba seli B hutoa eksosomu zenye molekuli za MHC ambazo zimeshashika antijeni, na kwamba eksosomu hizo peke yake, bila ya seli, ziliweza kuziamsha seli T katika maabara. Kumbuka chaki yako: MHC imetokea upande wa nje, tena katika mkao ule ule inaokaa juu ya seli. Lau utengenezaji ungekuwa na mbonyeo mmoja tu, antijeni ingefichwa kwa ndani na seli T isingeona kitu.

Miaka miwili baadaye Laurence Zitvogel na wenzake, huko Ufaransa, walichukua eksosomu za seli dendritiki zilizolishwa vipande vya uvimbe, wakawachoma nazo panya wenye saratani, na uvimbe ukadumaa au ukatoweka. Ukweli wa mambo ni kwamba eksosomu iliyo peke yake huziamsha kwa unyonge seli T ambazo hazijawahi kukutana na adui. Nguvu yake huonekana inapotua juu ya seli dendritiki nyingine, ambayo huivaa ile MHC ya kuazima na kujitokeza nayo kama mtu aliyeazima kanga ya mwenziwe kwenda harusini: nguo si yake, lakini wote wanaiona. Kwa njia hiyo seli moja iliyokutana na adui inaweza kuwapa habari wengi ambao hawajamgusa. Makrofaji zilizoingiliwa na bakteria wa kifua kikuu nazo hutoa eksosomu zenye vipande vya bakteria huyo, ambavyo huwashtua makrofaji wengine.

Basi kwa nini saratani inalaza? Kwa sababu eksosomu haina nia yake. Inabeba uso na utomvu wa seli iliyoitoa, na seli ikiwa na uso wa kulaza basi eksosomu zake zitalaza. Mfano ulio wazi ni protini iitwayo PD-L1. Seli T zina kipokezi kiitwacho PD-1, ambacho kikiguswa na PD-L1 seli T hupunguza ukali wake. Ni breki ya kawaida ya mwili, na Tasuku Honjo wa Japani alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, pamoja na James Allison wa Marekani, kwa kazi ya kuzielewa breki za namna hii na kuziachia ili kutibu saratani. Mwaka huo huo wa 2018 ilichapishwa kazi iliyoonesha kwamba seli za melanoma, saratani ya ngozi, hutoa eksosomu zilizojaa PD-L1 kwa nje. Uvimbe hauhitaji tena kuisubiri seli T ifike mlangoni ndipo uikanyagie breki, kwani breki zimeshatumwa katika damu kuitangulia. La kuudhi zaidi ni kwamba seli za kinga zinapotoa interferoni gama, protini yao ya kupashana habari, ili kuushambulia uvimbe, uvimbe huzidisha PD-L1 katika eksosomu zake.

Kwa hiyo mwambie binti yetu kwamba posta ni moja na barua hazipingani. Walioziandika ndio wanaopingana.

MtembeziMabondeni

Mwalimu wangu, nami ni mtu wa Pemba, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kazi ya kichocho, ya kukusanya konokono mabondeni na vikopo vya mkojo maskulini. Naona mazungumzo yamekwenda kwenye saratani na kutuacha sisi wa minyoo, ilhali mfano ulio karibu na watoto wetu ni huo.

Mnyoo ni mgeni mkubwa, anayeonekana kwa macho, naye hukaa mwilini mwa mtu miaka mingi bila ya kufukuzwa. Sehemu ya ujanja wake ni vifuko hivi. Mwaka 2014 kundi la Amy Buck huko Edinburgh lilieleza kwamba mnyoo mmoja wa utumbo wa panya, Heligmosomoides polygyrus, hutoa eksosomu zenye mikroRNA zake mwenyewe, kwamba seli za panya huzimeza, na kwamba zikishamezwa hupunguza ile aina ya mwitikio wa kinga ambayo kazi yake hasa ni kupambana na minyoo. Hebu lifikirie jambo hilo: mnyama mmoja anaandika barua kwa lugha ya seli za mnyama mwingine, na barua inasomwa. Minyoo ya jamii ya kichocho nayo imeonekana ikitoa vifuko, ijapokuwa utafiti mwingi umefanywa kwa kichocho cha tumbo, si hiki chetu cha mkojo kinachoenezwa na konokono wa Bulinus. Wanafunzi wako wakitaka kujua kazi za minyoo kisiwani, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo pale Wawi tangu mwaka 2000.

Na malaria vilevile. Chembe nyekundu zilizoingiliwa na vimelea hutoa eksosomu ambazo vimelea huzitumia kupelekeana habari.

MsomajiNg'ambo

Naomba nimsahihishe kaka yangu MtembeziMabondeni katika sentensi yake ya mwisho tu, kwani yaliyobaki nayakubali yote.

Bi Maabara ameshaeleza kwamba eksosomu ni ile iliyozaliwa ndani ya endosomu. Chembe nyekundu iliyopevuka haina kiini wala endosomu. Vyote hivyo vilishaondoka ilipokuwa changa. Haiwezekani basi itoe eksosomu kwa maana hiyo kali. Vifuko vyake hukatika moja kwa moja kutoka katika utando wa nje, kama tone linavyokatika mdomoni mwa birika. Khabari yenyewe ni ya kweli na ni ya ajabu: mwaka 2013 makundi mawili, moja la Australia na jingine la Marekani na Uswisi, yalionesha kwamba vifuko vinavyotoka katika chembe zenye kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hupokewa na vimelea wengine, na kwamba vinasukuma sehemu ya vimelea kugeuka kuwa gametosaiti, yaani hali ile inayoweza kunyonywa na mbu na kuendeleza ugonjwa. Ila wengine waliviita vifuko vinavyofanana na eksosomu, na wengine vifuko vidogo, kwa uangalifu huo huo ninaousema.

Silisemi hili kwa kupenda ubishi. Vifuko vya utando wa nje vinaweza kuwa na ukubwa wa nanomita 100 hadi 1,000, kwa hiyo vile vidogo vinalingana na eksosomu kubwa. Ukichukua damu au maji ya kukuzia seli, ukayazungusha katika sentrifuji kwa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia, unapata chini ya mrija doa moja hafifu, na ndani ya doa hilo wamo wote, wa endosomu na wa utando, pamoja na mafuta na protini zilizoshikamana nao. Protini zinazotumika kama alama za kuzitambua eksosomu, mfano CD9, CD63 na CD81, zinapatikana pia juu ya vifuko vingine. Ndiyo maana jumuiya ya watafiti wa fani hii inapendekeza kusema "vifuko vya nje ya seli" pale ambapo asili haijathibitishwa, na mimi nadhani makala nyingi zenye neno eksosomu katika kichwa chake zingepaswa kubadilishwa kichwa.

MtembeziMabondeni

Nimekubali, na nimefaidika. Kumbe nimekuwa nikilisema vibaya katika semina.

UkhtiFuoni

Samahanini kwa kuingilia. Mimi si mtu wa sayansi. Kuna pahala pa urembo nilipokwenda mjini nikaambiwa kwamba wanachoma sindano za eksosomu usoni ili ngozi irudi ujana, kwa bei ambayo ningenunulia friji. Je, ndizo hizi mnazozizungumza?

Bi Maabara

Ukhti, jina ni hilo hilo. Kilichomo ndani ya kichupa ni suala jingine, na kwa aliyoyaeleza MsomajiNg'ambo utaona kwamba hata maabara kubwa hupata taabu kuthibitisha walichonacho. Mwezi Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu, na ikaeleza kwamba hakuna bidhaa ya eksosomu iliyowahi kuidhinishwa nayo. Hata zile eksosomu za seli dendritiki nilizozitaja, zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu nchini Ufaransa, hazikufikia lengo lililowekwa, ingawa wagonjwa walizistahimili vizuri. Ukisoma kwamba kitu kina kazi kubwa mwilini usifanye haraka ya kudhani kwamba kuchomwa nacho ni dawa. Nunua friji.

MwalimuWaMkoani

Nakushukuruni nyote. Nimelieleza somo leo asubuhi, soksi na chaki, na darasa limecheka kisha limeelewa. Yule binti hakutosheka. Ameuliza kwamba ikiwa uvimbe unaweza kutuma eksosomu za kulaza kinga, je, yupo mtu mzima wa afya anayefanya hivyo kwa kheri? Nikamwambia nitauliza.

Bi Maabara

Yupo, naye ni kila mama mjamzito. Nusu ya urithi wa mtoto imetoka kwa baba, kwa hiyo kwa hesabu ya kinga mtoto ni mgeni, na kondo la nyuma limekaa ndani ya damu ya mama miezi tisa. Kondo hilo hutoa eksosomu kwa wingi. Baadhi zimebeba juu yake molekuli za jamii ya MIC na ULBP, ambazo kwa kawaida seli yenye matatizo huzionesha ili iuliwe, na seli za kinga huzishika kwa kipokezi kiitwacho NKG2D. Eksosomu huvijaza vipokezi hivyo mpaka seli ya kinga ikavipunguza juu ya uso wake, na ikifika mbele ya kondo haina tena mkono wa kulishikia. Nyingine hubeba protini iitwayo FasL, ambayo huweza kuifisha seli T iliyokwishaamka. Ndizo hila zile zile za saratani, na nadhani saratani ndiyo iliyoziiba. Baada ya kuzaliwa, mtoto huzipata nyingine katika maziwa ya mama, ambayo nayo yana eksosomu zenye mikroRNA.

Ukimjibu hilo, mtahadharishe na jambo moja la vitabuni. Kuna kitu kingine kabisa kiitwacho eksosomu, kilichoelezwa mwaka 1997, ambacho ni mkusanyiko wa protini ndani ya seli unaokatakata RNA. Hakina utando wala hakitoki nje. Akitafuta peke yake atakutana nacho na atadhani tumemdanganya.

MwalimuWaMkoani

Ameshakutana nacho. Lilikuwa ndilo swali lake la pili, nami niliona haya kulileta. Sasa wanataka kuziona eksosomu kwa hadubini ya skuli.

MsomajiNg'ambo

Hawatoziona, Mwalimu. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi, na eksosomu zote ziko chini ya hapo. Zinahitaji hadubini ya elektroni. Waoneshe chembe nyekundu ya damu, kisha waambie wachore duara lake ubaoni kwa upana wa sentimita 75, na ndani yake waweke nukta ya chaki yenye upana wa sentimita moja. Nukta hiyo ndiyo.